Kwa nini mahindi ya nyuma ya jikoni yanashinda ya kule chini?

Ukienda Vihiga ama Siaya, magharibi mwa Kenya, msimu wa palizi ebu angalia kitu kimoja: mahindi ya nyuma ya jikoni yamenona hadi yanakaribia kuwa meusi, na yale ya kule chini karibu na mto yamedumaa, majani yamegeuka zambarau pembeni, na ni mwenye shamba mmoja, mbegu moja, mvua ileile. Wengine watakwambia ni jicho la jirani. Mara nyingi ni fosforasi, chakula cha mmea kilicho kwa udongo, imeisha.

Fosforasi si kama naitrojeni bana. Naitrojeni imejaa hewani, ukipanda maharagwe vile vinundu vya mizizi vinaivuta bure. Fosforasi hewani ni kama haiko, yote ilitoka kwa mawe yaliyomeng'enyuka polepole kwa maelfu ya miaka, halafu msitu ukawa unaizungusha hapohapo, jani linaanguka, linaoza, mti unakula tena. Ndo maana shamba jipya la msituni huzaa vizuri sana miaka ya kwanza, unakula akiba ya miti.

Sasa piga hesabu. Tani moja ya mahindi inabeba kama kilo 3 za fosforasi, kwa hivyo ekari ikikupa magunia 15 ya kilo 90 umetoa kilo 4 hivi, ni kidogo ee, lakini fanya hivyo miaka 30 ni kilo 120, na mfuko wa mbolea ya DAP wa kilo 50 una kama kilo 10 tu za fosforasi (ile 46 imeandikwa kwa mfuko ni asilimia, na inahesabu fosforasi pamoja na oksijeni, isikuchanganye). Yaani mifuko 12 imeondoka. Ya kuuza inaishia kwa vyoo vya mjini. Mabua anakula ng'ombe, ng'ombe analala bomani, samadi inamwagwa pale karibu kwa sababu nani anataka kubeba karai hadi mtoni, jivu na maganda pia hapohapo. Kwa hivyo shamba la chini limekuwa likilisha la juu miaka yote hiyo na hakuna mtu alipanga.

Na kuna jambo la kuudhi zaidi, ule udongo mwekundu una chuma na alumini nyingi, zinaishika fosforasi haziachilii, kwa hivyo unaweza kuwa na mamia ya kilo kwa ekari na mahindi bado yanalala njaa. Ukitia kijiko kimoja cha mbolea udongo unachukua yake kwanza, ndo mtu anasema mbolea ni feki.

Kwingine ni kinyume kabisa. Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo kule Uingereza, wanapanda ngano shamba moja tangu 1843, na ploti zilizowekwa fosforasi kila mwaka zilijaa mpaka mwaka 2001 wakaona waache kwanza.

Sisi benki yetu ya fosforasi ni choo cha shimo. Kikijaa kinafunikwa, baada ya miaka kadhaa mtu anapanda mgomba hapo juu, na huo mgomba jamani, mkungu unainama hadi unaegemezwa mti, na mgeni akisifu ndizi hakuna anayemwambia zimetoka wapi.