Je, wajua kwa nini kwenye milonga, yaani dansi la ukumbini la muziki wa tango, mwaliko wa kucheza hautamkwi?

Neno "milonga" halimpi Mswahili shida. Wanaisimu wengi hulirudisha kwenye Kimbundu cha Angola: mulonga ni neno, milonga ni maneno, kama vile mti na miti. Lilivuka Atlantiki pamoja na Waafrika waliopelekwa utumwani, likafika Río de la Plata, kwenye ardhi za Argentina na Uruguay za leo. Huko likawa jina la muziki wenye mwendo mwepesi kuliko tango, la namna ya kuucheza, na la dansi lenyewe la ukumbini. Ajabu ni kwamba katika ukumbi huo wenye jina la maneno, watu huombana kwa macho.

Muziki hupangwa kwa mafungu yaitwayo tanda: kwa kawaida nyimbo 4 za tango, au 3 za valsi (muziki wa mapigo matatu) au milonga, aghalabu za okestra moja. Kati ya tanda na tanda hupigwa kipande cha muziki wa aina nyingine, kinachoitwa pazia, na wachezaji wote huondoka sakafuni. Tanda mpya ikianza, sikiliza kwanza uitambue okestra, kisha mtazame unayemtaka. Akikutazama, inamisha kichwa kidogo. Naye akiinamisha, mmekubaliana. Hiyo ndiyo kabeseo. Akigeuza uso amekataa, na kwa kuwa umbali wa ukumbi upo kati yenu, hakuna aliyeaibishwa mbele za watu.

Uangalifu huo una sababu. Tanda ya tango huchukua kama dakika 12, na kumwacha mwenzako katikati yake ni kumvunjia heshima. Ndiyo maana mgeni asitamke "gracias", yaani asante, baada ya wimbo wa kwanza: hapo maana yake ni "nimetosheka", na mwenzake atamrudisha kitini.

Kosa linalotokea sana ni wanawake wawili wa meza moja kuinuka kwa mwaliko mmoja. Dawa yake ni mwanamke kubaki ameketi, macho yakiwa yamekutana, mpaka mwanamume asimame mbele yake.

Hata kuingia sakafuni ni kwa macho. Wachezaji huzunguka kinyume cha saa, kwa hiyo anayeongoza humtazama kiongozi wa jozi inayokuja, husubiri ishara ya kichwa, ndipo huingia mbele yake.