CD34 si cheti cha useli shina

CD34, jina la alama inayokaa juu ya baadhi ya seli, sasa imetoka maabara na kuingia mitaani. Wanafunzi ninaowafundisha, wazazi wa watoto wenye selimundu, hata madaktari wenzangu wananiambia sentensi ileile kwa uhakika uleule: seli yenye CD34 ni seli shina, yaani ile inayozaa damu yote; isiyokuwa nayo siyo. Nimeisahihisha kwa mdomo mara nyingi mno. Leo naiandika.

Dhana: CD34 ikionekana, hiyo ni seli shina.

CD34 ni protini iliyosheheni sukari, inayokaa kwenye utando wa seli. Curt Civin na wenzake wa Johns Hopkins, Baltimore, waliieleza mwaka 1984 kwa kutumia kingamwili waliyoiita My-10. Katika uboho wa mtu mzima hubebwa na takriban asilimia 1 hadi 3 tu ya seli, na uchache huo ndio unaowadanganya watu. Wanadhani kilicho adimu ndicho chenyewe. Sivyo. Ndani ya kundi hilo dogo, nyingi ni seli tangulizi ambazo tayari zimeshika njia ya kuwa chembe nyekundu, nyeupe au chembe sahani. Zitagawanyika kwa muda, kisha zitakwisha. Seli shina ya damu, ile inayoweza kujenga damu yote upya na bado ikabakiza nyingine kama yenyewe, ni chache sana humo.

Isitoshe, CD34 iko pia kwenye seli zinazotandika kuta za ndani za mishipa ya damu. Iko kwenye seli changa za saratani ya damu kwa wagonjwa wengi. Kwa wagonjwa hao CD34 tele ni dalili ya ugonjwa, si utajiri wa seli shina.

Anayetaka kuikaribia seli shina yenyewe lazima aongeze alama: CD34 iwepo, CD38 na CD45RA zisiwepo, CD90 iwepo. Mwaka 2011 timu ya John Dick huko Toronto iliongeza CD49f, ikaonyesha kwamba seli moja tu iliyochaguliwa hivyo inaweza kujenga damu ya binadamu ndani ya panya asiye na kinga. Tazama ushahidi ulikuwa nini: ni panya huyo, aliyefuatiliwa kwa miezi. Rangi za kingamwili, zinazosomwa na mashine ya kupima seli moja moja, zilisaidia kuchagua tu. Useli shina ni kazi, na kazi huthibitishwa kwa kufanywa.

Halafu kuna wanaosoma makala za panya na kuzihamishia kwa binadamu. Mwaka 1996 watafiti wa Japani walionyesha kwamba seli shina ya damu ya panya aliyekomaa haina CD34, au inayo kidogo mno. Ukitumia kanuni ya binadamu kwa panya huyo, utaitupa ile unayoitafuta.

Nadhani mazoea haya ya kuamini alama moja, kwetu Afrika Mashariki, yametoka kliniki za VVU. Tumezoea CD4: namba ikishuka, kinga imeshuka. Lakini hata CD4 haikai kwenye seli T za kinga peke yake. Monosaiti, aina nyingine ya chembe nyeupe, nazo zinayo, ndiyo maana kipimo hutegemea pia alama au sifa nyingine ili kuzitenganisha. Alama moja haijawahi kutosha.

Basi kwa nini madaktari wa upandikizaji wanahesabu CD34? Kwa sababu hesabu hiyo hutabiri jinsi damu itakavyorudi. Kiwango cha chini kinachokubalika kwa kawaida ni seli milioni 2 zenye CD34 kwa kila kilo ya mgonjwa, na timu nyingi hulenga milioni 5. Mama akiniuliza kama mwanawe amepewa seli shina milioni 5 kwa kilo, jibu ni hapana. Amepewa mfuko wenye nguvu ya kutosha, na ndani yake zimo seli shina kiasi. Hilo linatosha kumtibu; halihitaji kutiwa chumvi.

Na hapa nina ushauri ambao sitaacha kuutoa: pima seli zilizokufa. Kwenye skrini ya mashine hiyo, seli za CD34 hukaa kama kijikundi cha nukta, zikiwa na CD45 (alama ya chembe nyeupe) hafifu, na ndani ya seli hamna chembechembe nyingi. Seli iliyokufa hunasa kingamwili yoyote inayopita na kujipenyeza karibu na kijikundi hicho. Mfuko uliogandishwa kisha ukayeyushwa una maiti wengi. Bila 7-AAD au rangi nyingine ya kuwatambua, utatoa hesabu ya kupendeza ambayo ni ya uongo, na mgonjwa ndiye atakayesubiri chembe sahani zisizokuja. Kuruka hatua hii kwa kuokoa dakika chache hakuna utetezi.

Dhana: protini za juu ya seli ni vibandiko tu vya kutambulishia.

Zina kazi. CXCR4 ndiyo inayoishikilia seli shina ndani ya uboho, kwa kuitikia CXCL12, protini ya ishara inayotolewa na seli za humo. Dawa ya plerixafor huziba CXCR4, seli zikaachia na kuingia kwenye damu, zikavunwa kutoka kwenye mshipa. Kwa wenye selimundu hili ni kubwa, kwa kuwa G-CSF, dawa ya kawaida ya kuzitoa, inaweza kuwaamshia maumivu makali na hata kuwaua. Tiba ya jeni ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023, hutegemea uvunaji huo.

Dhana: CD73, CD90 na CD105 zikiwepo, hizo ni seli shina za mesenkaima, yaani za tishu kama mfupa na gegedu.

Fibroblasti, seli za kawaida za tishu unganishi ya ngozi, nazo zina zote tatu. Vigezo vya kimataifa vya mwaka 2006 vinadai pia seli zishike kwenye plastiki, zikose alama za damu kama CD45 na CD34, na zigeuke mfupa, gegedu na mafuta maabarani. Arnold Caplan, mwanasayansi wa Marekani aliyelieneza jina la seli shina za mesenkaima tangu 1991, mwaka 2017 alihimiza libadilishwe. Kliniki ikikuonyesha grafu ya alama tatu kabla ya kukuchoma sindano ya goti, haijakuonyesha kitu.

Dhana: SSEA-4 ni protini ya seli shina za kiinitete.

Ni glikolipidi, yaani mafuta yenye sukari. Na panya ana SSEA-1 pale binadamu anapokuwa na SSEA-3 na SSEA-4. Usichanganye.

Dhana: unga na vidonge vya seli shina huziongeza mwilini.

Seli iliyokaushwa ikawa unga imekufa, na protini zake tumbo linazisaga kama za maharage. Seli shina za kupandikizwa huingia kwa mshipa zikiwa hai, baada ya dawa kali kusafisha nafasi kwenye uboho. Hufika humo kwa sababu CXCR4 yake ingali nzima juu ya utando.