Majimaji ya Lengelenge na Swali la Mgonjwa wa Mbalanga

Mgonjwa wa mbalanga, ugonjwa unaoipotezea ngozi rangi kwa mabaka, anapoketi mbele ya daktari wa ngozi, swali lake la kwanza mara nyingi ni moja: mabaka haya bado yanaenea, au yametulia? Ni swali la haki, kwa kuwa jibu lake ndilo linaloongoza tiba. Mabaka yanayoenea huhitaji dawa za kuutuliza mfumo wa kinga, ilhali yaliyotulia yanaweza kufanyiwa upandikizaji wa ngozi. Hata hivyo daktari anayetegemea macho peke yake hana budi kupiga picha, kupima ukubwa wa mabaka, kisha kusubiri kwa miezi ili alinganishe, na katika kipindi hicho seli zinazotia ngozi rangi huenda zinaendelea kufa. Ipo njia nyingine ambayo watafiti wamekuwa wakiijenga: kuchota majimaji kidogo yaliyomo ndani ya ngozi yenyewe na kuzipima protini zilizomo.

Majimaji hayo kila mtu anayo. Katika mwili wa mtu mzima wa kilo 70 mna maji yapatayo lita 42, na sehemu kubwa imo ndani ya seli. Katika yale yaliyo nje ya seli, lita 3 hivi ni plazima, yaani sehemu ya maji ya damu, na lita zipatazo 10 zimo katikati ya seli, zikizilisha na kuzisafisha. Maji haya huvuja kutoka kwenye mishipa midogo kabisa ya damu, kama alivyoeleza mwanafiziolojia Ernest Starling wa Uingereza mwaka 1896, na sehemu yake hurudi kwenye damu kupitia mishipa ya limfu. Kuta za mishipa hiyo midogo ya damu hufanya kazi ya chujio. Albumini, protini ya damu ambayo uzito wake ni kilodaltoni 66 hivi (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), hupenya kwa kiasi kikubwa. Kingamwili, yaani protini za kinga, za aina ya IgM, zenye uzito unaokaribia kilodaltoni 900, hupenya kwa shida. Ndiyo maana majimaji ya ngozi yanafanana na plazima lakini yana protini chache zaidi kwa jumla.

Thamani yake kwetu sisi tunaochunguza ngozi, hata hivyo, haipo katika protini zilizotoka kwenye damu. Ipo katika zile ambazo seli za ngozi zimezitengeneza hapo hapo. Protini inayotolewa na baka dogo la mkononi ikishaingia katika damu inachanganyika na lita 5 zinazozunguka mwili mzima, na mara nyingi kipimo hakiwezi tena kuitambua, wala kusema ilitoka wapi. Katika majimaji ya mahali pale pale bado imekolea, na chanzo chake kinajulikana.

Katika mbalanga, chembe za kinga ziitwazo seli T huzivamia na kuziua seli zinazotengeneza rangi. Zinapovamia hutoa protini iitwayo intaferoni gama, nayo huzichochea seli za kawaida za ngozi zilizo jirani kutoa protini nyingine, zikiwamo CXCL9 na CXCL10, ambazo kazi yake ni kuita seli T zaidi. Ni sawa na watu wa mtaa kupiga yowe: kadiri yowe linavyozidi, ndivyo wengi wanavyozidi kukimbilia pale. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, walichapisha matokeo ya kuchunguza majimaji ya malengelenge yaliyoinuliwa kwenye ngozi ya wagonjwa wa mbalanga, wakaonyesha kwamba CXCL9 ilisaidia sana kutofautisha ugonjwa ulio hai na uliotulia. Kwa maneno mengine, yowe linaweza kusikika hata pale ambapo jicho halioni mabadiliko.

Lengelenge lenyewe huinuliwa kwa kufyonza, na njia hii ilielezwa mwaka 1964 na Kiistala na Mustakallio wa Ufini. Msomaji wa pwani atakumbuka chuku, ile pembe ya kuumikia, ambapo mwumishi huvuta hewa ili ngozi iinuke. Kanuni ni ile ile, ila hapa hapachanjwi na damu haitoki. Kifaa chenye matundu madogo hufungwa kwenye mkono au paja, pampu hupunguza hewa ndani yake, ngozi hupashwa joto la wastani, na mshiriki huketi akisubiri kwa saa moja au mbili. Polepole tabaka la juu la ngozi hubanduka kutoka kwenye tabaka la chini, na nafasi iliyoachwa hujaa maji. Kwa kuwa tabaka la juu halina mishipa ya damu, lengelenge lililoinuliwa vizuri huwa na maji maangavu, yenye umanjano hafifu sana. Anayechota huingiza sindano nyembamba kwa upande, karibu na ukingo, akayavuta maji taratibu, na akipata mikrolita 50 hadi 100, yaani tone moja au mawili, ameridhika.

Hapo ndipo macho yanapotakiwa kuwa makali. Majimaji yakiwa na wekundu wowote, hata wa mbali, damu imeingia, na sampuli hiyo haifai tena kujibu swali letu, kwa sababu protini za damu zitazimeza zile za ngozi. Wahudumu wanaopima ukoma wanaijua nidhamu hii tangu zamani: huibana ndewe ya sikio kwa vidole mpaka damu ikimbie, ndipo wakate kidogo na kukwangua majimaji ya ngozi ya kupaka kwenye kioo.

Baada ya kuchotwa, sampuli haitakiwi kuchelewa. Ndani yake mna vimeng'enya vinavyokata protini, navyo havisubiri ruhusa ya mtu. Kichupa huwekwa kwenye barafu, huzungushwa kwa kasi katika mashine ili seli zitulie chini, kisha maji ya juu hugawanywa katika vichupa vidogo na kugandishwa kwa nyuzi 80 chini ya sifuri. Tunayagawa kwa sababu kuyeyusha na kugandisha mara kwa mara huziharibu protini.

Upimaji una njia kuu mbili. Ya kwanza hutumika pale tunapojua tunachokitafuta, kama CXCL9: kingamwili inayoinasa protini hiyo tu hubandikwa kwenye kisahani, na rangi inayojitokeza hupimwa. Kipimo cha aina hii, ELISA, kilielezwa huko Stockholm mwaka 1971 na Engvall na Perlmann. Njia ya pili huzitafuta protini nyingi kwa pamoja. Protini hukatwa vipande kwa kimeng'enya kiitwacho tripsini, ambacho hukata mahali maalumu tu, vipande hupimwa uzito katika mashine ya spektromita ya masi, kisha kompyuta hulinganisha uzani huo na orodha ya protini zinazotokana na jeni zetu zipatazo 20,000.

Njia hii ya pili ina nguvu kubwa na hatari zake. Albumini ni nyingi kiasi cha kuzifunika protini adimu, mfano wa mtu anayetaka kusikia mnong'ono katikati ya soko. Keratini nayo, protini inayojenga tabaka la juu la ngozi, hudondoka na vumbi kutoka mikononi na usoni mwa anayepima. Katika maabara nyingine keratini ikionekana kwa wingi huhesabiwa kuwa uchafu na kuachwa kando. Sisi tunaochunguza ngozi hatuwezi kufanya hivyo, kwani huenda ni ya mshiriki mwenyewe. Kwa hiyo kichupa kisicho na sampuli hupitishwa hatua zote pamoja na vyenye sampuli, ili tujue uchafu wetu unafananaje.

Lakini jambo ninaloliona kuwa zito kuliko yote ni kwamba kufyonza ngozi kwa saa mbili ni jeraha. Seli zinazovutwa hutoa protini za kutahadharisha, na anayesahau hilo atayaita ugonjwa yale aliyoyasababisha mwenyewe kwa pampu. Ulinganisho wa haki ni kuinua lengelenge jingine kwenye ngozi isiyo na baka ya mtu yule yule, siku ile ile, kwa kifaa kile kile.

Wapo wanaouliza kwa nini tusitumie tu vitambuzi vya sukari vinavyovaliwa mkononi, maana navyo husoma majimaji haya haya. Glukosi ni molekuli ndogo sana. Hutoka kwenye damu na kufika katikati ya seli kwa dakika chache. Protini ni kubwa, mwendo wake ni wa polepole, na kila moja ina wakati wake. Vibandiko vyenye visindano vifupi visivyofika milimita moja vinachunguzwa kama njia ya kuchota bila lengelenge, ingawa kiasi kinachopatikana huwa kidogo.

Ni vyema wananchi wafahamu kwamba kupima protini za majimaji ya ngozi bado ni kazi ya utafiti. Anayealikwa kushiriki ana haki ya kuelezwa yote kabla ya kutia saini. Kwenye ngozi nyeusi, mahali pa lengelenge hubaki na alama iliyokolea au iliyofifia, na alama hiyo inaweza kukaa kwa miezi. Kwa mwenye mbalanga inayoenea, jeraha lolote, hata dogo, linaweza kuzaa baka jipya hapo hapo. Kwa hiyo eneo la kuchotea lichaguliwe pamoja naye, mahali panapofunikwa na nguo. Paa la lengelenge lisibanduliwe. Lifunikwe kwa bendeji safi na kuachwa likauke, litadondoka lenyewe ngozi mpya ikishaota chini yake.