Msimulie Kwanza, Sarufi Itafuata

Mtoto anaweza kukariri nyakati zote za vitenzi vya Kiingereza na kupata alama nzuri, kisha ukimuuliza kwa lugha hiyohiyo amekula nini asubuhi, akakutazama tu. Si mvivu. Amepewa kanuni nyingi, lakini lugha yenyewe ikiwa na maana ameisikia mara chache mno.

Kati ya 1980 na 1981, watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi vya Kiingereza kwenye shule 8 za vijijini nchini Fiji, takribani 250 kwa kila darasa. Watoto wale walikuwa wa darasa la nne na la tano, nyumbani wakizungumza Kifiji au Kihindi. Kila siku walisoma kimya, au mwalimu aliwasomea na kuzungumza nao juu ya hadithi. Wenzao wa shule nyingine waliendelea na mazoezi ya kuitikia sentensi. Baada ya miezi 8, waliopewa vitabu walikuwa wamepiga hatua katika kusoma karibu mara mbili ya wenzao. Mwaka wa pili walikuwa mbele hata katika kuandika na sarufi.

Vitabu 250 kwa darasa moja! Shule zetu nyingi hazina hata robo yake, nami nasema hivi kwa uchungu. Lakini hadithi tunazo. Chukua ile ya sungura aliyekataa kuchimba kisima, kisha akawa anaiba maji usiku. Watoto wanaijua tangu kwa bibi, kwa hiyo ukiisimulia kwa Kiingereza chepesi, kwa ishara na mchoro wa kisima ubaoni, akili yao inatangulia na maneno yanafuata. Simama kila baada ya sentensi, uulize: Nani ana kiu? Sungura au tembo? Tembo naye ana kiu? Sentensi moja itasikika mara kumi bila kumchosha mtu, kwa kuwa wote wanataka kujua kama sungura atakamatwa.

Siku inayofuata, wape hadithi ileile waisome. Andiko liwe jepesi: utafiti wa msamiati unaonyesha kuwa msomaji anaelewa vizuri bila msaada akijua takribani maneno 98 katika kila 100. Mkusanyo wa African Storybook, ulioko mtandaoni, una hadithi za bure kwa Kiswahili na Kiingereza, unazoweza kuzichapa.

Neno gumu litaje kwa Kiswahili mara moja, uendelee. Ukitafsiri kila mstari, mtoto ataacha kusikiliza Kiingereza, awe anangoja Kiswahili tu. Akikosea, usimkatize, rudia alichosema kwa usahihi, kama mama anavyofanya na mtoto anayeanza kuongea.

Na mzazi usiyejua Kiingereza, usijitoe. Jioni mwambie mwanao akusimulie kwa Kiswahili alichosoma leo. Akifika mahali kobe anapomnasa sungura, utajua ameelewa.