Kijito cha mlimani: mfano wa Naro Moru, Mlima Kenya

Kijito cha mlimani ni mkondo mwembamba unaoteremka kwa kasi juu ya mawe, maji yake baridi, hadi ufike mahali mteremko unapolegea na kuungana na mto mkubwa. Naro Moru, upande wa magharibi wa Mlima Kenya, unaonyesha hatua zote hizo.

Kinaanzia Bonde la Teleki, juu ya mita 4,000, chini ya matabaka ya barafu yaitwayo Lewis na Tyndall. Usiku baridi huko hugandisha maji, na jua likishachomoza yanaachia. Kwa hiyo karibu na barafu kijito huwa chembamba alfajiri na hunenepa alasiri. Wengi hudhani barafu ndiyo mama wa mto. Sivyo. Barafu ya Lewis imesinyaa mno tangu mpanda milima Mwingereza Halford Mackinder alipofika Batian, kilele cha juu kabisa cha mlima huo, mwaka 1899, na sehemu yake katika maji yanayofika kwa wakulima ni ndogo.

Mama hasa ni mvua na udongo unaoipokea. Chini ya miamba kuna eneo la wazi lenye nyasi za mafungu na milobelia mikubwa (mimea ya mlimani inayosimama kama nguzo), ambako udongo mweusi hunywa mvua na ukungu kisha huachia maji taratibu kwa miezi. Aliyepanda mlima kwa njia ya Naro Moru hajasahau kinamasi kile kilicholala kwenye mteremko: unapanda huku matope yakikufika vifundoni, wakati mwingine magotini. Tope hilo ni akiba ya mto.

Kisha msitu: kwanza mianzi, halafu mipodo na mierezi. Hapa mvua ni nyingi, vijito vidogo vinaingia kutoka kila upande, na maji yenye nguvu yanachimba bonde jembamba lenye kingo kali. Samaki aina ya trauti wanaoishi humo si wenyeji. Waliletwa enzi za ukoloni.

Ukingo wa msitu ndio mpaka unaoamua mengi. Juu yake kijito huongezeka. Chini yake, kuelekea nyanda kavu za Laikipia, karibu hakipati tena, kinatoa tu. Mwendo unapungua, mchanga unatuama, na mifereji na mabomba ya mashamba yanachota. Wakati wa kiangazi sehemu ya chini huweza kukauka kabisa, ndiyo maana kuna jumuiya za watumiaji maji zinazopanga zamu.

Kinachobaki huingia Ewaso Ng'iro, mto unaopokea pia Burguret na Nanyuki, ukapita Archers Post na kuishia kwenye kinamasi cha Lorian. Ni mafuriko makubwa tu yanayouvusha hapo kuelekea Somalia. Vijito vya upande wa kusini na mashariki wa mlima huohuo huingia Tana, na maji yake hufika Bahari ya Hindi.