Je, wajua kwamba presha ilipimwa kwanza na kasisi?

Ukifika zahanati unafungwa kile kitambaa mkononi, kinajazwa upepo, unaambiwa: 120 kwa 80. Aliyefungua njia ya kipimo hiki hakuwa daktari. Alikuwa Stephen Hales, kasisi wa Kanisa la Uingereza, aliyehudumu Teddington, kando ya mto Thames, tangu 1709 hadi alipofariki 1761.

Habari za majaribio yake alizichapisha mwaka 1733. Farasi jike asiyefaa tena kazi alilazwa chali, akafungwa kamba akiwa hai. Hales akapasua mshipa mkubwa wa paja, akachomeka bomba jembamba la shaba, juu yake akaunga mrija wa kioo wa futi 9 uliosimama wima. Damu ikapanda hadi futi 8 na inchi 3, karibu mita 2.5, ikawa inacheza juu na chini kwa kila pigo la moyo. Nguvu ya moyo ikaonekana kwa macho, tena ikahesabika! Ganzi haikuwapo. Namwonea huruma sana mnyama yule, na hata mshairi Alexander Pope, jirani aliyempenda Hales, alihuzunishwa na umwagaji damu huo.

Kwa binadamu mzima damu ingepanda kama mita moja na nusu. Ndiyo maana waliofuata walitumia zebaki, nzito kuliko damu karibu mara 13: mita na nusu ya damu ikawa milimita 120 tu. Namba yako ya zahanati ni urefu wa zebaki.

Lakini kwa nini kasisi? Wakati huo England ilikuwa na vyuo vikuu viwili tu, Oxford na Cambridge, na wengi wa walimu wake walitakiwa kupewa daraja la ukasisi. Hales alipitia Cambridge, akajifunza huko kupasua wanyama na kuchunguza kemikali. Kisha parishi ikampa riziki ya uhakika na nafasi kati ya Jumapili na Jumapili. Naye aliamini kwamba kuupima uumbaji ni kumtukuza Muumba. Kabla ya kitabu cha damu alikwisha kuchapisha vipimo vya maji yanavyopanda ndani ya mimea.

Uzeeni aligeukia hewa. Alibuni mivukuto mikubwa ya kusukuma hewa safi ndani ya meli na magereza, mahali ambapo homa iliua watu kwa wingi. Gereza la Newgate, London, mivukuto hiyo iliendeshwa na kinu cha upepo juu ya paa.