Rusinga Ilikuwepo Kabla ya Ziwa

Ukivuka daraja la Mbita kuingia Rusinga, kisiwa cha Kenya kwenye Ziwa Victoria, hukosi abiria atakayekuonyesha kilima cha Ligongo na kukuambia kwamba hapo ndipo volkano ilipochomoza majini, kisiwa kikazaliwa. Nami niliamini hivyo utotoni.

Kumbe kisiwa ni kikongwe kuliko ziwa. Mlima uliotoa miamba hii unaitwa Kisingiri, na kitovu chake kiko bara, kwenye vilima vya Rangwa. Ulikuwa mpana ajabu: Rusinga, Mfangano na vilima vya Gembe na Gwassi ni mabaki ya mbavu zake. Matabaka yenye sifa kubwa hapa Rusinga yana miaka ipatayo milioni 18. Ziwa Victoria lilianza kujikusanya miaka kama 400,000 tu iliyopita. Ukifanya umri wa matabaka hayo kuwa mwaka mmoja, ziwa limefika zikiwa zimebaki kama siku nane Desemba iishe. Maji yalipopanda yakajaza mabonde, na sehemu zilizoinuka zikabaki visiwa.

Wengine husema ziwa lenyewe ni kreta, yaani shimo lililoachwa na volkano. Hapana. Kreta haiwi na upana huo halafu kina cha mita 80 hivi tu. Ardhi ya upande wa magharibi, kuelekea Uganda ya leo, iliinuka polepole, mito iliyokuwa ikitiririka kwenda huko ikazibwa njia, maji yakatuama.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba majivu ya volkano kazi yake ni kuangamiza tu. Majivu ya Kisingiri yalikuwa na kaboneti nyingi, karibu na chokaa kwa asili yake. Volkano ya namna hiyo ambayo bado iko hai ni moja tu duniani, Ol Doinyo Lengai kule Tanzania. Majivu hayo yakilowa hushikana na kuwa magumu, na kwa kuwa hayana asidi, hayali mifupa. Ndiyo maana udongo wa Rusinga umehifadhi vitu ambavyo kwingine huoza na kupotea kabisa: mbegu, matunda, wadudu, hata visiki vya msitu. Mwaka 1948, mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey aliokota hapa fuvu la nyani asiye na mkia. Kwa miongo mingi nyani huyo aliitwa Proconsul, na mwaka 2015 wale wa Rusinga wakapewa jina jipya, Ekembo, neno la Kisuba. Mlima uliotisha viumbe wa zama zile ndio uliotutunzia habari zao. Ningependa kila mtoto wa Mbita alijue hilo kabla hajajifunza habari za Vesuvius, volkano ya Italia.

Je, Kisingiri utalipuka tena? Umezimika mamilioni ya miaka, na mvua imeumega mpaka matumbo yake yako nje. Lala salama.

Kuna pia Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay. Wazee husimulia kwamba kijiji kilizama usiku mmoja kwa kumnyima makao bibi kizee. Hadithi hiyo naiheshimu, inafundisha ukarimu. Lakini shimo lile ni kreta ya mlipuko, magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilipokutana na maji chini ya ardhi na mvuke ukaipasua ardhi hiyo. Maji yake ni ya magadi, ndiyo maana heroe huyafuata.

La mwisho ni lile la "nimeokota shambani kwangu, ni changu." Kila masika makorongo ya Rusinga huchongeka upya na visukuku, mabaki ya viumbe yaliyogeuka jiwe, hujitokeza. Sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inasema mali ya kale iliyo ardhini ni ya serikali. Ukiona mfupa uliogeuka jiwe, usiung'oe. Mahali ulipolala, na tabaka ulimolala, ndivyo vinavyomwambia mtaalamu umri wake. Ukishahamishwa, habari hizo hazirudi. Weka alama pembeni, piga picha, kisha wapigie Makumbusho ya Taifa.